Viungo, Utengamao au Mazoezi? Uhakiki wa Istilahi za Fiziotherapia

Baadhi ya istilahi hutushughulisha kwa sababu ni ngumu kuziunda; nyingine hutushughulisha kwa sababu zimekuwa nyingi mno. Istilahi za fiziotherapia ni za kundi hili la pili. Katika Kinondoni na Temeke peke yake, tukizichukua kwa mipaka yake ya zamani kabla ya Ubungo na Kigamboni kumegwa katikati ya miaka ya 2010, huduma hii moja huitwa fiziotherapia, tiba ya viungo, tibamaungo, utengamao na, katika vinywa vya walio wengi, mazoezi. Mtu aweza kutoka Bunju hadi Mwananyamala, au Chamazi hadi Temeke, akiwa na cheti cha rufaa kilichoandikwa kwa Kiingereza. Karani akamwelekeza kwa neno moja, kibao cha mlangoni kikamwambia neno jingine, na jioni akawaeleza watu wa nyumbani kwa neno la tatu.

Wingi wa visawe si kasoro katika lugha. Mshairi huvihitaji, na mwalimu huvifurahia. Lakini istilahi ni chombo cha kazi, na chombo cha kazi hupimwa kazini. Kwa desturi tunaipima istilahi kwa usahihi wake, ufupi wake, ulinganifu wake na istilahi ndugu, na jinsi inavyopokewa na watumiaji. Vipimo hivyo tunavikubali vyote. Katika uhakiki huu tunaongeza kimoja ambacho fani hii inakidai kuliko fani nyingi: je, neno humsaidia mgonjwa kutambua kwamba maradhi yake yanahusika, na kwamba yampasa aende sasa wala si baada ya miezi sita?

Kipimo hiki hakikuletwa kwa mapambo. Fiziotherapia ni taaluma ya kuulinda na kuurudisha uwezo wa mwili wa kujongea na kujimudu. Hutumia mazoezi maalumu, kazi ya mikono ya mtaalamu, namna za kulala na kuketi, mafunzo ya kupumua, joto na baridi, magongo na vifaa vingine vya kutembelea, na zaidi ya yote mafunzo kwa mgonjwa na jamaa zake. Nyingi ya faida zake hutegemea wakati. Mtoto aliyezaliwa na mguu kifundo hunyooshwa kwa urahisi zaidi akianza katika majuma ya mwanzo ya maisha yake, kwa plasta inayobadilishwa kila juma na baadaye viatu maalumu kwa miaka kadhaa. Mtoto aliyeunguzwa na uji jikoni, kovu lisiponyooshwa mapema, mkono wake hukunjama kwenye kiwiko, na kuukunjua baadaye huhitaji kisu cha mpasuaji. Dereva wa bodaboda aliyefungwa plasta ya mguu hufunguliwa akiwa na mfupa uliounga na goti lisilokunjika. Aliyepatwa na kiharusi, akishakimbizwa hospitali na hali yake ikatulia, huanza kufundishwa upya kugeuka, kuketi na kusimama katika siku chache za mwanzo. Katika mifano yote hiyo, aliyechelewa hupata kidogo kuliko alichoweza kupata. Basi neno linalomchelewesha lina lawama.

Tuanze na tiba ya viungo, ambayo ndiyo tafsiri iliyoenea zaidi katika matangazo. Ubora wake ni kuwa maneno yote mawili yanajulikana na kila mtu. Ubaya wake ni huo huo. Neno kiungo limebebeshwa mizigo mingi kupita kiasi. Viungo ni goti na bega; viungo ni moyo, ini na figo, ndiyo maana tunazungumza juu ya upandikizaji wa viungo; viungo ni iliki na mdalasini; na kiungo ni mchezaji wa katikati ya uwanja. Mazoezi ya viungo ni yale ya wanafunzi asubuhi shuleni. Na kwa hospitali, lililo baya zaidi ni viungo bandia, yaani miguu na mikono ya kutengenezwa, ambavyo aghalabu hushughulikiwa katika jengo hilo hilo au la jirani. Hizo ni kazi mbili zenye mafundi wawili: mafundi wa viungo bandia wamekuwa na chuo chao mahususi huko Moshi tangu mwaka 1981. Bibi anayeambiwa “nenda viungo” ana haki ya kutetemeka, akidhani mguu wake umekwisha kuhukumiwa kukatwa.

Lakini hata tukiyaacha mafumbo hayo, tiba ya viungo hupotosha kwa njia ya kimyakimya zaidi. Humfanya msikilizaji afikiri juu ya maungio ya mifupa na maumivu yake. Mzee mwenye goti linalouma atajitambua mara moja katika neno hilo. Je, mama aliyejifungua na sasa mkojo humtoka akicheka au akibeba ndoo atajitambua? Mzazi wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ambaye maungio yake ni mazima na hitilafu iko kichwani, atajitambua? Mgonjwa wa kiharusi je? Mtu aliyetoka katika homa kali ya mapafu, ambaye anahitaji kufundishwa kupumua na kukohoa makohozi? Wote hao ni wagonjwa halali wa mfiziotherapia, na wote wameachwa nje na jina. Mtoto ambaye amefikisha miezi minne na shingo yake haijakaza, au miezi tisa na hajaketi peke yake, au mwaka mmoja na nusu na hajatembea, apaswa kuonyeshwa kwa wataalamu bila kungoja. Lakini hakuna mzazi atakayeliona jambo hilo kuwa ni la viungo. Ataliona kuwa ni la kuchelewa tu, na majirani watamtuliza kwa kumtajia watoto wao waliochelewa wakatembea.

Kuhusu tibamaungo tutasema machache. Kwa muundo ni neno zuri, na katika Kiswahili cha pwani maungo ni mwili kwa jumla, hivyo lilikuwa na nafasi ya kuwaingiza wale walioachwa na viungo. Bahati mbaya, magazeti na nyimbo za mjini zimelivuta neno hilo kwingine. Siku hizi mtu akisoma habari za maungo hudhani anasoma juu ya mwili usiostirika. Mwanamke wa makamo hatapenda kumwambia mkwewe kwamba anakwenda kwenye tibamaungo, na sisi hatuwezi kumlaumu.

Utengamao ni mjadala wa aina nyingine. Hili ni neno la maandishi ya serikali, nalo lina asili nzuri: hali ya mgonjwa ikitulia husemwa imetengemaa, na wengine hutamka imetengamaa. Hakuna Mswahili asiyeielewa kauli hiyo. Wizara ya Afya hulitumia kwa maana pana, ambayo ndani yake mna fiziotherapia, tiba kwa vitendo, mafunzo ya usemi, vifaa saidizi, na pia malezi ya wagonjwa wa akili na waraibu wa dawa za kulevya wanaorudishwa katika maisha ya kawaida. Upana huo unaafikiana na mwelekeo wa dunia. Shirika la Afya Duniani lilizindua mwito wake wa Utengamao 2030 mwaka 2017, na utafiti uliochapishwa katika jarida la Lancet mwishoni mwa mwaka 2020 ulikadiria kuwa watu bilioni 2.4 wana maradhi au majeraha ambayo huduma za namna hiyo zingeyapunguzia makali.

Basi kasoro iko wapi? Iko mahali pawili. Kwanza, neno limekaa karibu mno na utangamano, ambalo hutumika kwa nchi za Afrika Mashariki kuungana kiuchumi. Tofauti ya irabu na silabi moja haimtoshi mpiga chapa mwenye haraka. Pili, na hili ndilo zito, watumiaji wamelifanya kuwa kisawe cha fiziotherapia. Jina la familia limepewa mtoto mmoja. Matokeo yake ni kwamba mtu mwenye bega lililokakamaa husita kuingia mlango ambao kwa fahamu zake ni wa walevi na wagonjwa wa akili, na mwenye kuhitaji malezi ya akili huelekezwa kwenye chumba cha baiskeli na mipira. Tunashauri utengamao libaki kuwa jina la jumla, na lisiandikwe katika mlango wa chumba kimoja.

Sasa fiziotherapia yenyewe. Wapo wanaoipinga kwa kuwa ni ngeni. Hoja hiyo pekee haitoshi. Hata hospitali ni ngeni, na daktari pia. Sauti zake zote zinatamkika kwa Kiswahili, na sauti ya th tunayo tangu zamani katika thamani na methali. Tahajia tu ndiyo inayoyumba, kwa kuwa wengine huandika fisiotherapi na wengine fiziotherapi. Sisi tunashika fiziotherapia, yenye irabu mwishoni. Tena ni jina linalomwunganisha mtaalamu wetu na wenzake wa nchi nyingine. Ikiwa mtu angependa kulitafsiri neno kwa neno kutoka Kiyunani, ambako sehemu ya kwanza ni maumbile na ya pili ni uuguzi au tiba, angefika kwenye “tiba ya maumbile” au “tiba asilia”, na mgonjwa angekwenda kwa muuza mizizi. Tafsiri ya neno kwa neno ina vichekesho vyake.

Upungufu wa fiziotherapia ni mmoja: halisemi kitu kwa asiyelijua. Halipotoshi, lakini pia haliongozi. Ni kibao kilicho kimya.

Tukifika hapo twapaswa kuwasikiliza wananchi wenyewe, ambao hawakungoja kamati yoyote. Wao wamekwisha kulipa jambo hili jina, nalo ni mazoezi. “Mama anakwenda mazoezi.” “Baba anafanyishwa mazoezi Temeke.” Kwa upande wa maana wananchi wamepatia kuliko watafsiri wengi, kwa sababu wametaja njia ya tiba badala ya sehemu ya mwili. Lakini jina hilo, likiachwa peke yake, lina madhara ambayo hatujayaona yakijadiliwa katika maandishi ya istilahi.

Tufikiri juu ya kaya moja ya Mbagala yenye mzee aliyepooza upande mmoja. Ameandikiwa vidonge vya shinikizo la damu, na pia ametakiwa kufika hospitali mara mbili kwa juma. Kumpeleka kwa daladala haiwezekani kirahisi, kwa hiyo hukodiwa bajaji kwenda na kurudi, na kijana mmoja hukosa kibarua siku hiyo. Fedha zikipungua, na hupungua, wanakaya huketi wakaamua kipi kiachwe. Hakuna atakayesema baba aache dawa. Watasema: “Mazoezi tutaendelea mwezi ujao, Mungu akipenda.” Nani atawalaumu? Katika Kiswahili cha kila siku, mazoezi ni jambo jema la hiari. Vijana hufanya mazoezi ufukweni, timu hufanya mazoezi kabla ya mechi, mwanafunzi hupewa mazoezi ya hesabu. Kukosa mazoezi ni uvivu kidogo. Si kukatiza tiba. Neno limeifanyia kaya ile uamuzi kabla haijaketi. Na mwezi ujao ukifika, bega limeshuka, vidole vimekunjamana, na mtaalamu ana kazi ya kupambana na ukakamavu ambao ungezuilika.

Kwa hiyo pendekezo letu ni kwamba neno la wananchi lichukuliwe, kisha lipewe heshima ya tiba: tiba mazoezi. Muundo huu si mgeni. Tunayo tiba mionzi, tunayo tiba shufaa kwa wagonjwa wanaopunguziwa maumivu na mateso, na tiba asili imekuwapo siku nyingi. Katika tiba mionzi nomino ya pili hutaja njia inayotumika, na hivyo ndivyo ilivyo katika tiba mazoezi. Mwenye kuambiwa kwamba ana tiba mazoezi mara mbili kwa juma ataielewa kama dozi. Na ni dozi kweli. Utafiti mkubwa wa nchi mbalimbali uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba wagonjwa wa kiharusi walioinuliwa na kutembezwa mapema sana na kwa wingi ndani ya saa 24 za kwanza walipata matokeo mabaya zaidi kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mazoezi yanayoweza kuzidi kipimo na kudhuru si ya hiari. Yana wakati wake, kiasi chake na mwenye kuyaandika.

Tunazijua pingamizi mbili. Ya kwanza itatoka kwa wafiziotherapia, kwamba kazi yao ni pana kuliko mazoezi. Ni kweli. Lakini istilahi haidaiwi kubeba shehena yote. Upasuaji umetokana na kupasua, ilhali sehemu kubwa ya kazi ya mpasuaji ni kuunga, kushona na kuziba. Hakuna mgonjwa aliyepotoshwa, wala hatujasikia wapasuaji wakilalamika kwamba wameitwa wapasua kuni. Istilahi hutaja lililo kubwa, mengine yakafuata nyuma.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi, nalo latoka ng'ambo. Waswidi, ambao mwalimu wao Per Henrik Ling alifungua chuo cha mazoezi mjini Stockholm mwaka 1813, walikuwa na jina la kienyeji kwa mtaalamu huyu kwa zaidi ya miaka mia moja, jina lenye maana ya mtu wa mazoezi ya wagonjwa. Mwaka 2014 wakaliacha rasmi, wakachukua la kimataifa, kwa kuwa la zamani halikulingana tena na upana wa kazi. Uingereza nayo ina kisa chake. Wauguzi wanne walioanzisha chama mwaka 1894 walikiita cha wakandaji waliofunzwa, na moja ya shabaha zao ilikuwa kujitenga na nyumba za ufuska zilizojificha nyuma ya jina la ukandaji. Mwaka 1944 chama hicho kikapata jina la fiziotherapia. Anayepita katika barabara za Dar es Salaam na kuona vibao vya masaji ataelewa mara moja kwa nini hatupendekezi neno lolote lenye kukanda.

Je, mfano wa Waswidi hautuvunji? Hautuvunji, ila unatufundisha kugawa. Wao walibadili cheo cha mtaalamu. Nasi twakubali kwamba cheo kiwe mfiziotherapia, wingi wafiziotherapia, na somo la chuoni liwe fiziotherapia. Tiba mazoezi ni jina la kile anachopewa mgonjwa, la kutamkwa dirishani na kuandikwa katika vipeperushi. Fiziotherapia na tiba mazoezi yakae pamoja katika kibao kimoja, la kwanza juu, la pili chini yake. Tahadhari moja: tiba kwa vitendo, inayotumika kwa taaluma jirani ya kumfundisha mgonjwa kuvaa, kula na kufanya kazi zake mwenyewe, isichanganywe na hii. Asiyejua atauliza, kwani mazoezi si vitendo? Lakini hilo ni kosa la istilahi ile, na inastahili uhakiki wake yenyewe.

Linabaki suala la vitenzi, ambalo waundaji wa istilahi hulisahau kwa kuwa wao hupenda nomino. Mgonjwa hasemi nomino, husema alilofanyiwa. Kwa sasa vitenzi vilivyopo ni kukanda, kuchua na kunyoosha, na vyote vina wenyewe tayari. Mzazi aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto na bibi yake. Wachezaji huchuliwa, na katika kurasa za michezo mchua misuli ni cheo kamili. Mganga wa viungo mtaani hunyoosha. Mtafsiri anayeandika kwamba mfiziotherapia “huchua na kunyoosha” amewaweka wote hao katika benchi moja, na msomaji ataamua, kwa mantiki nzuri kabisa, kwamba wa jirani ni nafuu. Hapo lugha inaingia katika hatari. Mfupa uliovunjika ukichuliwa huzidi kuhama. Mgongo unaouma kwa kifua kikuu cha uti wa mgongo hautaki mikono, wataka vipimo na dawa. Maumivu mengi ya mgongo hupungua katika majuma machache, na mgonjwa hushauriwa aendelee kujongea badala ya kulala kitandani. Lakini yakifuatana na homa, kukonda, miguu kulegea, ganzi katikati ya mapaja, au kushindwa kuzuia haja, safari ya kwanza ni kwa daktari, siku hiyo hiyo. Mfiziotherapia aliyefunzwa huzijua dalili hizo na humrudisha mgonjwa kwa daktari. Anayechua tu hawezi kudaiwa ujuzi huo, na kitenzi kimoja kwa wote wawili huificha tofauti.

Kitenzi kinachofaa tunacho, nacho ni kile cha wananchi: kufanyishwa. “Anafanyishwa tiba mazoezi” ni sentensi yenye mnyambuliko wa Kiswahili safi, na ndani yake mna watu wawili, anayefanya na anayesimamia. Kwa cheti cha rufaa twapendekeza Kiswahili kiandikwe chini ya Kiingereza katika mstari mmoja wenye sehemu tatu: aanze lini, mara ngapi kwa juma, na kwa majuma mangapi kabla ya kupimwa tena. Mathalani: “Afanyishwe tiba mazoezi kuanzia Jumatatu, mara 2 kwa juma, majuma 6.” Mstari huo wasomeka na karani wa Mwananyamala, na wasomeka pia na kijana wa Mbagala anayehesabu nauli ya bajaji.